Siku Baba Alipovua Kofia Kanisani

Hapa Chanika ninapoishi, kukiwa na hitima kwa jirani, mimi ni wa kwanza kufika na wa kwanza kutoka. Nitamenya vitunguu mpaka macho yavimbe, nitachambua mchele, nitaosha masufuria, lakini akitokea mtu na chetezo cha ubani nanyanyua ndoo na kusema nakwenda kuchota maji. Majirani wamenizoea. Wenye ulimi mrefu husema nina majini yasiyopenda ubani, wenye huruma husema ni kifua. Nimewaacha waamini wanachotaka, maana maelezo yangu ni marefu kuliko subira ya mwanamke aliyeinamia sufuria la pilau.

Juzi sikuwahi. Ilikuwa arobaini ya mama mmoja wa mtaa wa pili, na moshi ulinikuta mlangoni nimebeba sinia la wali kwa mikono yote miwili. Huwezi kuziba pua na sinia mikononi. Nikauvuta wote ukaingia hadi kichwani, na papo hapo sikuwa tena bibi mwenye wajukuu, nilikuwa binti mdogo aliyeshika pindo la koti la baba yake ndani ya jengo kubwa la mawe, Mombasa, nchi ya watu. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tunasahau tulipoweka miwani, lakini ya utotoni huja bila kuitwa na hukaa bila kukaribishwa.

Nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge karibu na Korogwe. Baba alikuwa Mzigua wa Kwedizinga, Mwislamu, mkata mkonge. Mama alikuwa Mkatoliki. Babu yangu mzaa mama aliletwa kutoka Urundi pamoja na wale vibarua wa mkataba tuliowaita manamba, akafia palepale mkongeni bila kupaona tena kwao. Kambini hakuna aliyeshangaa ndoa kama ile. Watu walikuwa wametoka kila pembe, Idi tulikula wote na Krismasi tulikula wote, na harufu ya korona, ile mashine ya kukamua mkonge, ilitukaa nguoni bila kuuliza mtu anasali wapi. Baba alikwenda msikitini Ijumaa, mama alikwenda kigangoni Jumapili, na mimi nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, nikijifunza alifu na bee kwa mwalimu mkali mwenye kiboko chembamba. Mtoto alikuwa wa baba. Mama hakuwahi kunipeleka kanisani hata siku moja, wala sikumbuki kumwomba.

Kuna kipindi nilipelekwa kwa bibi Kwedizinga, nikakaa huko msimu mzima wa mahindi. Niliporudi kambini nilimkuta mama amelala kaelekea ukutani. Nikaambiwa alikuwa na homa. Homa hiyo ilimwachia viungo vyote ikachukua maneno. Alipika, alifua, alichota maji, lakini ukimwita alikuja kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha siku moja akasema anakwenda Mombasa kumwona dada yake, aliyekuwa mpishi kwa watu huko, ndiye ndugu pekee aliyebaki naye duniani. Akapanga kanga zake kwenye kikapu cha ukindu, akanipaka mafuta usoni, akapanda basi. Alisema atarudi mvua zikianza.

Mvua zilianza. Nikajipa moyo kwamba labda Mombasa hazijaanza. Kila wingu lililopita juu ya kambi nililitazama linaelekea wapi, na likielekea upande wa Tanga nilifurahi, nikajua linakwenda kunyesha kwa mama ili apate kurudi. Nilikuwa nalala upande wake wa kitanda, upande wa ukutani, nikielekea ukuta kama alivyoelekea yeye, nijue alikuwa akitazama nini. Hapakuwa na kitu zaidi ya udongo na ufa mmoja. Watoto wenzangu walikuwa na mama wa kuwagombeza, nami nikatamani kugombezwa. Sijui kama kuna upweke mwingine wa namna ile, wa mtoto kutenda makosa makusudi na kukosa wa kumwona.

Zikaja siku za vijiji vya ujamaa. Kazi ya mkonge ilikuwa imepungua, wakataji wengi waliambiwa warudi walikotoka, na kwa baba kule Kwedizinga watu walikuwa wanahama mashambani kwao na kupimiwa viwanja pamoja kando ya barabara. Baba akaamua turudi. Wakati anafunga mizigo ndipo jirani yetu mmoja wa kambini, tukimwita Mama Veronika, alipotoka Mombasa kuuguza mtu, akaja jioni akakaa kizingitini.

"Baba Mwanahamisi, mwenzio nimemwona," akasema. Mwanahamisi ni mimi.

Baba hakuinua kichwa. "Umemwona wapi?"

"Kanisa kuu la huko. Misa ya pili, kila Jumapili yupo, upande wa kulia karibu na nguzo. Anapoishi sikupajua. Ila kanisani hakosi."

Baba akaendelea kukaza kamba aliyokwisha kuikaza. Kesho yake aliwaambia watu kwamba anakwenda Mombasa kumpa mkewe taarifa ya kuhama, asije akarudi akakuta nyumba ina watu wengine. Alikuwa mtu mwenye haya, asingethubutu kusema mbele ya wanaume wenzake kwamba anakwenda kubembeleza. Lakini alinunua doti mpya ya kanga dukani kwa Mwarabu, na koti lake akalipeleka kupigwa pasi ya mkaa. Mtu haendi kutoa taarifa na doti ya kanga. Udogo wangu haukunizuia kuelewa: tulikuwa tunakwenda kumchukua mama.

Siku zile mpaka ulikuwa bado haujafungwa na watu walivuka kama waendao mnadani. Tulipanda basi Korogwe, tukabadilisha Tanga. Mpakani askari alichungulia ndani akamuuliza baba tunakwenda wapi. Baba, ambaye uongo haukumkaa mdomoni, akajibu, "Kanisani." Askari akaitazama ile kofia yake ya kufuma, akanitazama mimi na buibui langu dogo la chuo, akacheka mpaka akasahau kuuliza la pili.

Tukafika Jumamosi jioni, tukalala nyumba ya wageni yenye kitanda kimoja. Asubuhi baba alisali, akavaa lile koti, akanifunga vizuri ushungi, tukaulizia njia.

Lile kanisa sikuwa nimeona jengo kama lile. Minara yake ilikwenda juu mpaka nikadhani ina kazi ya kushikilia mawingu. Watu walikuwa wanaingia kwa wingi, wanawake na vitambaa kichwani, wanaume na suti, na wengi walivaa mavazi meusi. Mlangoni baba alifanya kile alichofanya maisha yake yote kabla ya kuingia nyumba ya Mungu: akainama, akavua viatu. Nami nikavua vyangu. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anawaelekeza watu akatufuata mbio mbio.

"Mzee wangu, viatu vaa," akanong'ona. "Kofia ndiyo uvue."

Baba akamtazama kama mtu aliyeambiwa ale kwa mkono wa kushoto. "Kichwa wazi mbele ya Mungu?"

"Hapa kwetu ndivyo, mzee."

"Kwetu ni kinyume chake," baba akasema kwa upole. Methali ya wenye chongo aliijua vizuri, lakini alikuwa na adabu, hakuitamka mlangoni pa watu. Akavaa viatu. Kisha akavua kofia, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti upande wa moyoni. Baba hakuwa mtu wa kutembea kichwa wazi. Nilikiona kipara chake katikati ya umati ule, kidogo, kinang'aa, na nikaona huruma ambayo sikujua niielekeze wapi. Hapo ndipo nilipojua jinsi alivyomtaka mama arudi.

Tulikaa benchi la nyuma. Upande wa kulia nguzo zilikuwa nyingi, wala Mama Veronika hakusema ni ipi. Tukatazama migongo. Kwa mgeni migongo ya watu wanaosali inafanana yote. Waliimba kwa Kiswahili, nikashangaa kusikia maneno ninayoyajua yakiimbwa kwa sauti nyingi namna ile, moja juu ya nyingine, bila kugombana. Walisimama tukasimama, walikaa tukakaa. Walipopiga magoti, mimi niliona wameishia njiani, nikamalizia mwenyewe: nikasujudu, paji la uso sakafuni, kwenye harufu ya nta. Mama mmoja mnene kando yangu akaninyanyua taratibu kwa kwapa na kunirudisha kwenye benchi.

Tulikuwa katikati ya mamia ya watu na hakuna hata mmoja aliyejua majina yetu. Kambini mtu akipiga chafya alijibiwa na nyumba ya tatu. Pale nilipiga chafya, ikaenda juu kwenye paa lile refu, na hakuna aliyesema neno.

Ndipo harufu ikaja.

Lazima niwaeleze ubani ulikuwa nini kwangu, wasomaji wangu mliokulia kwingine. Ulichomwa kwenye maulidi, ndiyo, lakini maulidi yana dufu na haluwa na watoto wanaokimbizana. Ubani uliochomwa ndani watu wakiwa kimya, wamevaa vizuri, wameinamisha vichwa, hiyo kwetu ilikuwa na maana moja. Kuna maiti. Nikanyoosha shingo. Mbele kabisa, nilipokuwa sijatazama kwa sababu nilikuwa natafuta migongo, palikuwa na kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cheusi hadi chini, na mishumaa mirefu imekizunguka. Padri alikuwa amevaa nyeusi. Alikuwa anakizunguka kile kitu na chetezo chenye minyororo, anakifukiza upande huu, anakifukiza upande ule.

Nikayaunganisha mambo mwenyewe. Mama alisemekana hakosi kanisani, na hatukumwona. Ubani upo. Jeneza lipo. Mama yangu amekufa, na tumefika siku ya kumzika.

Lakini lililoniumiza zaidi ya kifo ni kimya. Nilikuwa nimekaa na wanawake wa Kwedizinga kwenye misiba ya kutosha kujua wajibu. Maiti asiyeliliwa ni aibu ya ukoo. Mfiwa akikaa kimya huulizwa kama alikuwa na ugomvi na marehemu. Na pale mamia ya watu wazima walikuwa wamekaa wanaimba taratibu, hakuna aliyeshika kichwa, hakuna aliyejitupa chini. Nikawaza: mama hana ndugu hapa. Baba yake alifia mkongeni, dada yake labda yuko jikoni kwa watu. Wa kumlilia hana. Ana mimi tu.

Nikapanda juu ya benchi, nikaweka mikono kichwani kama nilivyoona wakubwa wakifanya, nikaachia sauti yote.

"Mama yangu weee! Mama yangu weee! Umeniacha na nani mie!"

Jengo lile la mawe lilikuwa na tabia ya kurudisha sauti. Niliita mara moja likaita nami. Nyimbo zikayumba. Padri akasimama na chetezo chake kinaning'inia. Halafu kanisa zima likageuka, safu kwa safu, mpaka nikaona nyuso zote za Mombasa zinanitazama mimi.

Wote isipokuwa mmoja. Upande wa kulia, nyuma ya nguzo ya tatu, mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani alibaki amepiga magoti, anatazama mbele. Baba alimwona kabla yangu. Nilihisi mkono wake ukinikaza mguuni.

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Mama yako yule pale."

Nikatazama mahali macho yake yalipokuwa. Niliijua ile shingo. Niliitazama kwa muda mrefu nikiwa mgongoni mwake, kabla sijajifunza kutembea. Nikaita tena, sasa si kwa kulia maiti. Nikaita, "Mama!" Shingo ile ilikaza, ikainama kidogo, na haikugeuka. Nimeishi miaka mingi na nimezika wengi, lakini sijawahi kuwa mpweke kama pale juu ya benchi. Maiti akiitwa asipogeuka ana sababu yake. Mtu mzima anayepumua akiitwa na mwanawe asigeuke, mtoto aseme nini?

Yule mzee wa mlangoni alitutoa nje bila ukali. Baba akavaa kofia yake na kukaa juu ya ukingo wa ukuta, kwenye jua, akanipakata. Hakunigombeza. Tukasikiliza misa iliyobaki ikituishia kwa mbali, kengele, nyimbo, kengele tena. Kisha milango ikafunguka watu wakamiminika, wengine wakatunyooshea vidole, wengine wakanipa peremende. Walipokwisha kupungua, alitoka.

Alikuwa amekonda zaidi. Alikuja moja kwa moja mpaka tulipokaa, akasimama akinitazama kana kwamba anahakiki kitu. Akanigusa shavu kwa ncha za vidole, akazitazama zile ncha zilizolowa.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa chini kwenye changarawe na nguo zake nzuri. Ndipo akamkumbuka baba. "Habari za Korogwe, Baba Mwanahamisi?"

"Nzuri," baba akasema. Walikuwa wanasalimiana kama watu waliokutana sokoni.

Mimi sikuwa na subira. "Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukugeuka?"

Akavuta pumzi. "Kila nikiingia humu nasikia watoto wananililia, mwanangu. Mwanzoni nilikuwa nageuka. Nageuka, hakuna mtu. Watu wakaanza kusema nimerukwa na akili. Basi nikajizoeza nisigeuke. Leo nilipokusikia, nikajua ndio wao tena."

"Kina nani?"

Mama akamtazama baba. "Hukumwambia?"

"Alikuwa mdogo," baba akasema, akitazama viatu vyake.

Basi niliambiwa pale, juani, uani mwa kanisa la watu. Nilipokuwa kwa bibi Kwedizinga mama alijifungua mapacha. Walikaa kidogo, wakaugua, wakaondoka siku moja, mmoja asubuhi na mwenzake jioni. Walipokuwa wagonjwa mama aliomba waitiwe padri wabatizwe, baba akasema tusubiri wapone. Hawakupona. Waliogeshwa, wakavishwa sanda, wakabebwa na wanaume, na kwa kuwa mwanamke hasindikizi maiti makaburini, mama alibaki mlangoni.

"Hata pa kuweka ua sikuonyeshwa," mama alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesimulia habari ya jirani.

"Nilizika kwa namna ninayoijua mimi," baba akasema.

"Najua. Sina lawama nawe, Baba Mwanahamisi. Ulifanya kama ulivyofunzwa. Ila mimi sikuwaaga. Nimekuja kuwaagia hapa, na kila nikimaliza naona bado."

Nilimuuliza kilichokuwa kinanikereketa. "Mle kwenye jeneza, mna nani?"

"Hamna mtu. Leo tunawaombea marehemu wote, linawekwa kwa ajili ya wote."

"Na wadogo zangu?"

"Nao wamo," akasema.

Hamna mtu, nao wamo. Mtu mzima angejua la kufanya na maneno hayo mawili. Mimi niliyachukua yote kama yalivyo, nikayaweka pamoja, yakakaa vizuri kabisa.

Baba akakohoa. Akaanza ile taarifa yake: kwamba kambini hatupo tena, kwamba tunakwenda kijijini Kwedizinga, kwamba nyumba zinajengwa kwa kusaidiana na kila familia ina kiwanja chake. Alisema kwa mpangilio kama mtu wa mkutanoni. Alipofika mwisho akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yangu. Akamwita kwa jina lake.

"Anastazia," akasema. "Twende nyumbani."

Kisha akamkabidhi ile doti. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaifungua mapajani, akapitisha kiganja juu ya maua yake.

"Mnahama," akasema polepole. "Na wale kule kambini, mnawaacha na nani?"

Yale makaburi mawili yalikuwa nyuma ya mistari ya mkonge, na hakuna aliyekuwa anabaki pale anayewajua. Sidhani kama baba alikuwa amelifikiria. Mtu anayehama huhesabu masufuria na majembe.

"Mama, twende," nikasema mimi. Nikamshika kitambaa cha kichwani, kikamvuka. Nywele zake zilikuwa na mvi ambazo hakuondoka nazo.

Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Mikono ilikuwa inanuka ubani. "Wewe una baba yako," akaniambia. "Wale hawana mtu ila mimi."

Hakuwa amesema kwamba hanipendi. Hilo nilijua hata wakati ule, nalo ndilo lililonikosesha hata pa kuwekea hasira. Alikuwa amegawa, akanipa fungu langu, na fungu langu lilikuwa baba. Aliichana ile doti katikati pale inapochanwa, kwa meno na mikono, akajifunga kipande kimoja begani na kingine akanitandia mimi juu ya ushungi. Kisha akatusindikiza mpaka kivukoni. Alitununulia mahamri ya njiani, akamwambia baba asiniache nilale na njaa, na kivuko kilipoondoka alisimama pale mpaka nikashindwa kumtofautisha na watu wengine waliosimama. Baadaye mpaka ulifungwa, na nilipomwona tena nilikuwa tayari mke wa mtu.

Njia nzima nilikuwa natazama nje kwenye mkonge unaopita mstari baada ya mstari, nikajiambia sitamuuliza baba kitu, kwa sababu nikimuuliza atalazimika kujibu. Mahamri yalikaa mapajani mwangu mpaka yakakauka. Usiku wa kwanza kijijini nililala katikati ya kitanda, si upande wake tena. Nilikuwa nimejua kwamba haji.

Kwedizinga maneno yalikuwa yametutangulia. Mke aliyekwenda Mombasa asirudi, wanawake wa kisimani hawana haja ya kuulizana ana nini. Walisema kaolewa. Walisema huko kuna mabaharia wenye fedha. Wanaume hawakusema kitu mbele ya baba, ila waliacha kucheka alipofika, na baba, aliyependa kukaa barazani na wenzake, akawa mtu wa kwenda shambani mapema na kurudi giza likiingia. Katika kijiji kizima kilichojengwa ili watu wakae pamoja, nyumba yetu ndiyo iliyokuwa haipigwi hodi.

Siku moja akapiga hodi balozi wa nyumba kumi, mzee wa makamo, mpole, aliyekuja kuulizia kila nyumba ina watu wangapi wa kwenda shamba la kijiji. Baba akamtolea kigoda, akaendelea kunoa jembe lake. Mimi nilikuwa nachambua mboga.

"Na mama yake huyu?" balozi akauliza, akipunguza sauti. "Tumtegemee lini?"

Baba akatafuta maneno. Nilimwona anayatafuta na hayapati, nikaona nimsaidie. Mimi nilikuwa nayo, yalikuwa yamekaa vizuri kichwani tangu Mombasa.

"Hawezi kuja, babu," nikasema. "Analea wadogo zangu."

Kwenye baraza ya jirani watu waligeuka. Kijijini pale neno lile lilikuwa na maana moja tu, na kila aliyelisikia aliichukua hiyohiyo: mwanamke kazaa na mwingine huko, na mtoto kaona kwa macho yake. Mimi sikujua. Nilijua nimesema kweli. Balozi alimgeukia baba taratibu, kwa heshima, akimpa nafasi ya kukana, aseme huyu ni mtoto tu, hajui anachosema, na mambo yaishe.

"Ana watoto huko, Athumani?"

Baba aliweka jembe chini. Alinitazama mimi, akatazama barabara ya kwenda Korogwe.

"Wawili," akasema. "Ni wangu."